Mzee Tikisa na Jiko la Watu Wawili

Tarehe thelathini Septemba mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi bila hata barua moja ya onyo, mkuu wa kitengo chetu cha majiko ya gesi ya kuchomea nyama alistaafu rasmi. Wateja wanamjua kama Mzee Tikisa, na sisi wenzake hatujawahi kumwita vingine. Alikabidhi funguo, aproni na ile brashi yake ya waya ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa.

Mhariri wa jarida hili aliutaka wasifu huu kabla ya sherehe ya kumuaga. Nilimwambia asubiri kwanza Jumamosi ipite. Alininunia kidogo, maana ukurasa ulikuwa umeshapangwa, lakini nilikuwa na sababu. Kwa mujibu wa sheria Mzee alikuwa anastaafu Ijumaa. Kwa mujibu wa Mzee mwenyewe, Jumamosi asubuhi angekuwa mlangoni kwetu kama kawaida. Sikutaka kuandika kwaheri ya mtu ambaye kesho yake ningemkuta anachoma mahindi mbele ya duka.

Alianza kazi kama mpakiaji wa mizigo, siku hizo duka likiwa chumba kimoja, na marehemu mwenye duka akiwa ndiye muuzaji, mhasibu na mlinzi. Akawa msaidizi wa dereva, kisha fundi wa kuunganisha majiko yanayokuja vipande vipande ndani ya maboksi, na hatimaye akawekwa kwenye mauzo. Mimi naona ni ile kazi ya kuunganisha iliyomharibu. Mtu akishafunga kwa mkono wake nati za majiko mamia kwa mamia, hatazami tena rangi wala mng'aro. Anatazama litakapolegea.

Ndipo lilipotoka hilo jina. Kabla jiko halijauzwa, alilishika pembe mbili za juu na kulitikisa kama mtu anayemwamsha mlevi. Likitulia, aliweka alama ya vema kwa chaki upande wa ndani wa kifuniko. Likilialia, aliweka alama ya kosa, na jiko lenye alama ya kosa lilipanda lori la msambazaji alasiri hiyo hiyo na kurudi lilikotoka. Haikujalisha ni nani aliyeliagiza. Bosi wetu wa sasa, binti wa marehemu, aliwahi kuagiza majiko sita mazuri ya rangi nyekundu kwa ajili ya sikukuu, na yote sita yakarudishwa akiwa kwenye mkutano. Aliporudi alikuta nafasi tupu na Mzee anafagia.

Yeye pia ndiye aliyeanzisha Makaburini. Nyuma ya ghala, karibu na bomba la kuoshea magari, pana uwanja mdogo wa sakafu ya saruji. Kila aina mpya ya jiko ilipoingia, Mzee aliomba moja likae pale bila turubai, lipigwe na jua lake na mvua yake mwaka mzima. Marehemu mwenye duka alikuja juu kweli kweli. Alisema hajawahi kuona mfanyabiashara anayeozesha mali yake kwa makusudi. Lakini mwaka ulipokwisha, lile lililokuwa linameremeta kuliko yote lilikuwa limetoboka chini kwenye trei ya mafuta, na miguu yake inachechemea. Lile zito jeusi, lenye wavu wa chuma kinene, lilihitaji brashi tu na mafuta kidogo ya kupikia. Wiki iliyofuata tulimwona mwenye duka mwenyewe akiwapeleka wateja nyuma. Mpaka leo, mteja anayeingia kichwakichwa akitaka kinachong'aa hupelekwa kwanza Makaburini akawaone marehemu.

Maswali yake kwa wateja tuliyajua kwa moyo. Nani atapika? Mnakula wangapi siku ya kawaida, si siku ya sherehe? Jiko litakaa wapi, na upepo unatoka upande gani? Na kikiharibika kitu, spea utaipata wapi? Hilo la mwisho lilinihusu mimi wa kaunta ya spea. Hakukubali duka lilete jiko ambalo mabomba yake ya moto (yale ya ndani yenye vitundu vinavyotoa gesi), vitufe vyake na regulata yake havimo kwenye rafu zangu, na mara nyingi alisimama mbele yangu akinihoji utadhani ni mimi niliyeviunda.

Bwana mmoja alikuja akitaka jiko kubwa kuliko la jirani yake. Mzee akataka kujua la jirani lina mabomba mangapi ya moto. Manne, bwana akasema. Na huwa analitumia? Bwana akafikiri, akakiri kwamba siku zote analiona limefunikwa. Mzee akamshauri anunue la mabomba mawili, alitumie kila wiki, amshinde jirani kwa harufu. Bwana aliondoka na jiko dogo na furaha kubwa, na baadaye alituletea huyo huyo jirani.

Hakuna aliyetoka dukani bila kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, kisha kuinama na kutazama kama kuna mahali panapotoa mapovu. Mzee hakumpakia mtu. Ulipaka mwenyewe, hata kama umekuja na suti. Alisema siku mpira utakapovuja yeye hatakuwepo nyumbani kwako.

Nakumbuka pia wale mke na mume waliokuja na jiko nyuma ya gari, hawasemezani tangu walikotoka. Mke alidai mume ameliharibu, mume akadai mke ameliosha vibaya. Moto ulikuwa wa njano na upande mmoja hauwaki kabisa. Mzee alichomoa bomba la moto, akapitisha waya, akatoa utando wa buibui uliokuwa umejaa ndani. Aliwaeleza kwa upole kwamba kosa si la mume wala la mke. Jiko limekaa miezi bila kuwashwa, buibui ameona nyumba haina mtu, amehamia. Wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nadhani kile kicheko kiliwafaa kuliko jiko.

Nisije nikaonekana naandika habari za malaika. Mzee alikuwa na kero zake. Hakuweza kupita karibu na sufuria bila kufunua kifuniko, na mpishi wa kantini alishamtishia kwa mwiko zaidi ya mara moja. Kwenye harusi ya binti yangu alitoweka ukumbini, tukamkuta uani amepiga magoti na suti yake nzuri, anachungulia chini ya jiko la wapishi. Aligoma kukaa mezani mpaka walipobadilisha mpira wa gesi. Bwana harusi alisubiri.

Lakini kero kubwa, nayo haikuwa yetu, ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi tangu awekwe kwenye mauzo alisimama mbele ya duka na kuwachomea wateja kuku, vitunguu na mahindi, waonje na waone jiko linavyofanya kazi. Watu walitoka mbali kwa ajili hiyo. Duka lilipata wateja, nasi tulipata chakula cha mchana. Nyumbani kwake hakukuwa na jiko la kuchomea hata moja. Aliporudi jioni, mkewe, ambaye ni mshonaji wa mapazia, alikuwa ameshakula na watoto. Miaka ikapita, akawa ameshakula na mjukuu. Siku hizi huwa ameshakula peke yake.

Miezi michache kabla ya kustaafu, Mzee aliingia ofisini kwa bosi na kuomba jambo moja. Alitaka aruhusiwe kuendelea kuja Jumamosi, bila malipo, apike tu. Bosi alifundishwa na mzee huyu kuwasha jiko akiwa bado anavaa sare za shule, akikaa dukani kumsubiri baba yake. Hakuwa na ubavu wa kumkatalia. Akakubali. Wote tukafurahi, na hakuna aliyejiuliza kama kuna mtu mwingine aliyepaswa kuulizwa.

Mkewe alikuja mwenyewe. Alifika kaunta kwangu siku Mzee yuko benki, akajifanya anatafuta kitufe cha jiko, kisha akaniambia ukweli. Amesikia kwamba tunaandaa zawadi.

"Msimpe saa ya ukutani," alisema. "Mpeni jiko la kuchomea, liwe la kwake. Lakini liwe zuri kiasi kwamba hana sababu ya kulirudisha."

Nikamwelewa. Jiko likiwa na kasoro hata ya nati moja, Jumamosi angelileta dukani ili libadilishwe, na akishafika Jumamosi moja hangebanduka tena. Nilimshauri azungumze na bosi ili ruhusa ifutwe. Akakataa. Alisema hawezi kumkataza mtu kitu alichokipenda maisha yake yote, maana atakaa nyumbani kama mgonjwa. Anataka abaki kwa kupenda mwenyewe, na asipobaki, basi, yeye mke atajua Mzee amechagua nini. Alisema hivyo huku akikunja na kukunjua risiti ya kitufe ambacho hakukihitaji. Alipoondoka, kwa kweli moyo uliniuma.

Tukaunda kamati: mimi, mhasibu, dereva na mtunza ghala. Kuchagua jiko si kazi ngumu kwa watu wanaouza majiko. Kumchagulia Mzee Tikisa jiko ni habari nyingine. Tulishindana wiki nzima, na mwishowe tukafanya lile ambalo yeye alitukanya tangu tunaanza kazi. Tukachagua kwa macho. Lilikuwa jiko la mabomba sita ya moto, lina taa za buluu kwenye vitufe, kabati chini, na kifuniko cha kujitazamia kama kioo. Tukaliagiza kimya kimya na kulificha ghalani nyuma ya maboksi ya friji, limefunikwa turubai.

Wiki ya mwisho Mzee akaamua kukagua ghala zima ili asiache nyuma jiko bovu. Hatukujua. Alilikuta, akalifunua, akalitikisa. Mtunza ghala anasema lililia kama droo ya vijiko. Mzee akachora alama ya kosa, na lori la msambazaji lilikuwa uani saa hiyo hiyo. Mtunza ghala alitoka chooni akaiona zawadi yetu inapita getini imefungwa kamba. Angesema nini? Baadaye Mzee alikuja kaunta kwangu amekasirika, akitaka kujua ni mpumbavu gani aliyeingiza kitu kile kwenye ghala letu. Nikamwambia hata mimi nashangaa.

Zilibaki siku chache na kamati ilikuwa imefadhaika. Mhasibu ndiye aliyekuja na wazo. Mtu pekee anayeweza kumchagulia Mzee jiko ni Mzee mwenyewe, kwa hiyo atuchagulie. Mtunza ghala ana shemeji yake, mdogo wa mkewe, mama mchangamfu ambaye Mzee hajawahi kumwona. Tukamfundisha. Aje kama mteja, na kila atakaloulizwa ajibu kana kwamba nyumba ni ya Mzee. Kibaraza cha nyuma, ukuta nusu, upepo unatoka upande wa tangi la maji, watu wawili, mjukuu wakati wa likizo.

Siku hiyo nilijitia kupanga mipira ya gesi karibu yao. Mzee aliuliza maswali yake, shemeji akajibu vizuri kabisa. Akafika kwenye lile la nani atapika.

"Mume wangu," shemeji akasema. "Miaka yote hajawahi kunipikia."

Hilo la mwisho hatukumfundisha, alilitoa mwenyewe. Mzee aliitazama ile brashi yake ya waya, akaipiga piga kiganjani. Nilidhani ametushtukia na mambo yameharibika.

"Basi dada, usimnunulie kubwa," akasema mwishowe. "Mchukulie la watu wawili. Na aanze siku ambayo mko wawili tu, asisubiri wageni."

Akampeleka kona ya mwisho, kwenye jiko jeusi la mabomba mawili ya moto ambalo wateja walikuwa wakilipita tu kwa sababu ya sura yake. Lina kifuniko kizito, wavu wa chuma kinene, na miguu iliyochomelewa badala ya kufungwa kwa nati. Alimweleza kwamba rangi ya mpini itabanduka, na hiyo ni rangi tu, chuma hakina neno. Alimwonyesha trei ya mafuta inavyotoka kwa mkono mmoja, kwa sababu jiko lisiloosheka halidumu hata liwe la chuma gani. Akaniuliza spea. Nikamwambia zote zipo, na safari hiyo nilisema kweli. Akalitikisa, likatulia. Akafunua kifuniko na kuweka alama ya vema, kisha akamsaidia shemeji kulipakia na kumkumbusha habari ya sabuni. Gari likazunguka mtaa mmoja, likaingia kwa geti la nyuma.

Sherehe ilikuwa Ijumaa alasiri, katikati ya ukumbi wa mauzo, meza zimepangwa kati ya majiko. Bosi alisoma hotuba fupi. Alimshukuru kwa kulilea duka na kumlea yeye, na alisema mbele ya wote kwamba ruhusa ya Jumamosi ipo pale pale. Tulipiga makofi. Mimi nilimtazama mkewe, naye alikuwa anapiga makofi kama sisi, anatabasamu, macho yakiwa sakafuni.

Kisha turubai likaondolewa. Mzee aliliangalia jiko, akalizunguka, akafunua kifuniko na kukuta chaki yake mwenyewe. Akainua kichwa, akatafuta, akamwona shemeji ameketi karibu na mtunza ghala na sahani ya keki mapajani. Alicheka mpaka akahitaji leso. Halafu kicheko kikaisha, akabaki ameshika kile kifuniko. Nafikiri ndipo alipokumbuka yale majibu mengine ya shemeji, na kwamba nyumba iliyokuwa ikizungumzwa ilikuwa yake. Akageuka kumtazama mkewe kwa muda mrefu. Kuhusu Jumamosi hakusema lolote, nasi hatukuthubutu kumuuliza.

Jumamosi duka lilifunguliwa. Muuzaji mwingine alipangwa kupika, lakini aliwasha jiko la pembeni na kuiacha nafasi ya Mzee, bila kuambiwa na mtu. Wateja waliuliza yuko wapi. Tuliwajibu kwamba amestaafu, lakini kila gari lilipopunguza mwendo, shingo zetu ziligeuka. Bosi alishuka kutoka ofisini mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mchana ukafika.

Simu ya kaunta ikalia. Alikuwa mkewe.

"Kaunguza kuku," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ni mtu ambaye mbele ya umati wa watu, kwa Jumamosi zote hizo, hakuwahi kuunguza hata kitunguu. Nikamuuliza imekuwaje.

"Tulikaa tukaanza kupiga soga, akamsahau. Upande mmoja mweusi tii." Nyuma yake nilisikia Mzee akilalamika kwamba asisemwe kwa wenzake. "Sasa hivi tunakula upande wa pili."

Nikaweka simu chini na kulitangazia duka zima. Mhasibu alipiga meza. Mtunza ghala alimpigia shemeji yake hapo hapo. Bosi aligeukia rafu za mikebe ya rangi, akazitazama kwa muda, na sote tukajitia hatumwoni. Ndipo nikampelekea mhariri ujumbe kwamba naanza kuandika.

Mzee wetu, asante kwa kila jiko ulilolikataa kwa niaba ya watu wasiojua kwamba umewaokoa. Asante kwa Makaburini, kwa sabuni, na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya njema, amani ya moyo na maisha matamu wewe na mama. Dukani karibu siku yoyote ya wiki. Ila tukikuona Jumamosi, tunafunga mlango.